Tundu la Chumvi

Kaltenwang, 14 Septemba 1986

Shikamoo Mama Mkubwa,

Umefikaje huko kisiwani? Mama kaniambia maji yalikuwa yamekupwa, meli ikashindwa kuondoka, mkakaa bandarini saa nne nzima mnakula mikate ya samaki. Naomba hiyo hewa ya bahari ikufungue kifua. Huku hatujambo. Dalia zako zimechanua mpaka zinalalia njia, nimezifunga kwa soksi zangu ndefu kwa sababu kamba sikuiona. Mama anapiga simu kila Jumapili, ananiuliza kama nyumba yako bado imesimama. Anatania, ila utani wenyewe hauchekeshi.

Wiki hii kibao cha zamu ya kufagia kimetundikwa upande wetu. Jumamosi nilifagia ngazi, njia, na ukingo wa barabara mpaka mferejini, vile ulivyoagiza. Bi Schwenk wa upande wa pili akatoka, akatazama, akainama, akaokota jani moja, akalitia mfukoni mwa aproni. Bora angenisema.

Sasa swali dogo tu, wala usilitie moyoni. Ile mashine ya kuoshea vyombo ya marehemu Baba Mkubwa, ilinunuliwa mwaka gani? Na kitabu chake cha maelekezo kiko wapi? Nauliza tu, si unanijua ninavyopenda mashine.

Jiko liko safi kabisa. Juzijuzi nimelipiga deki mara tatu.

Mwanao,
Almut


Juist, 24 Septemba 1986

Almut mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na siku sita mgongoni, huku meli inakwenda kwa amri ya maji, si ya mtu. Mimi sijambo. Asubuhi wanatupanga ufukweni kama watoto wa chekechea, tunavuta pumzi, tunatoa. Mwenzangu wa chumbani ni mama mmoja wa Bremen, anakoroma na ananiambia mimi ndiye ninayekoroma. Chakula hakina ladha. Tambi zao za mayai unaweza kuzibia ufa wa ukuta.

Soksi kwenye dalia ziondoe. Kamba iko ghalani, kwenye kopo la kahawa.

Kuhusu mashine. Iliingia nyumbani Februari 1974. Kitabu sijui kiliko. Mbona unauliza? Siku naondoka nilikuambia kitu kimoja tu, tena mlangoni, mkoba mkononi: mashine ya Baba Mkubwa wako usiiguse. Mtu mmoja ana sahani moja. Sahani moja ina mikono miwili ya kuiosha. Na jiko la mtu mmoja halipigwi deki mara tatu.

Msalimie mama yako.

Mama Mkubwa wako,
Reinhilde


Kaltenwang, 1 Oktoba 1986

Shikamoo Mama Mkubwa,

Soksi nimeziondoa. Dalia zimesimama wima kama askari. Mama anasema umwandikie na yeye, ana wivu. Bendi ya tarumbeta imenipa nafasi ya kupiga peke yangu kwenye sherehe ya mavuno, nikakosea sehemu moja tu, na aliyesikia ni kiongozi peke yake.

Mama Mkubwa, mashine imekufa.

Imekufa yenyewe tu, naona ni uzee. Miaka kumi na miwili si michache. Ukibonyeza inaguna, inanyamaza, na maji yanabaki chini. Nimefungua lile bati la mbele kwa chini, nimeangalia pampu, nimenusa waya, hakuna harufu ya kuungua. Nafikiri naweza kuitengeneza. Redio ya mama si niliitengeneza? Najua utasema iliongea Kifaransa wiki nzima, lakini iliongea.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Ama itengenezwe, ama itolewe nje siku ya taka kubwa. Tangazo limebandikwa pale kwa mwoka mikate: Jumatano tarehe 12 Novemba kila mtu aweke makochi na majiko yake mabovu kando ya barabara, gari la manispaa litapita. Baada ya hapo mpaka mwakani. Ukiitupa, tunaweza kukununulia mpya, siku hizi hazipigi hata kelele.

Nasubiri neno lako. Kabla ya tarehe 12 tu.

Na tafadhali, mama asijue. Mara ya mwisho nilipovunja kitu, alisema mkono wangu ukigusa jiwe linapata homa. Nimeacha kazi mbili nikijifunza ufundi, hapa kwako ndipo paliponibakia. Nikirudishwa nyumbani sina tena pa kwenda.

Almut


Juist, 11 Oktoba 1986

Almut,

Salamu. Hali yangu ni ile ile. Daktari ameniongezea wiki nne, nitarudi mwishoni mwa Novemba. Upepo ni mkali.

Itupe.

Usiitengeneze wewe, na fundi asiitwe. Mtu yeyote asiufungue mlango wake wala asitie mkono ndani. Siku hiyo ya taka waombe wanabendi wawili waibebe, na uifunike kwa blanketi la kahawia, lile la kabati la koridoni. Funga kamba juu ya blanketi. Mpya sitaki. Sikuwahi kuihitaji.

Mama yako hatajua kitu kutoka kwangu.

R.


Kaltenwang, 19 Oktoba 1986

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Huku baridi imeanza, viazi vimeingia ghalani. Mama hajambo. Salamu zimeisha, sasa nisikie kabla sijaogopa.

Mashine haikufa yenyewe. Niliiua mimi.

Jumamosi ya tarehe 6 Septemba, wewe hujamaliza hata siku tano huko, niliwaita wanabendi kumi na mmoja. Nilipika dengu na soseji, na tambi za mayai na jibini, ile jibini inayoganda kwenye sahani kama simenti. Wakala, wakaondoka, nikabaki na mlima. Nikaitazama mashine. Nikasema, Mama Mkubwa anaitunza kama kaburi, lakini mashine ni mashine. Ndani, sakafuni, nikaona kifuniko cha kuzungusha. Nikakifungua, nikakuta tundu. Nikajiambia hapa ndipo sabuni inapoingia. Nikatia kikombe kizima cha sabuni ya unga, na nusu ya kuongezea.

Lilikuwa tundu la chumvi. Mtoto wa darasa la pili wa mji huu anajua kwamba maji yetu ni chokaa tupu na mashine inakula chumvi ili iyalainishe. Mimi ninayejiita fundi sikujua. Povu lilitoka mlangoni, likavuka jiko, likafika koridoni. Ndiyo maana ya deki tatu. Naandika hapa masikio yanawaka moto.

Na kuna la pili. Ulisema fundi asiitwe. Barua yako ilikuja Ijumaa, fundi alikuja Jumatano. Sikungoja. Ni Bwana Digel, yule mzee wa mtaa wa kanisa mwenye pikipiki yenye kitoroli. Alipiga magoti, akatoa chujio, akaliinua dirishani, akacheka.

"Nani anatumia mashine hii?"

"Mama yangu mkubwa. Miaka kumi na miwili."

"Huyo mama yako anakula nini, hewa?"

Nikamwambia aache dharau. Akanionyesha. Chini ya chujio kulikuwa na punje nne za dengu na uzi wa jibini, vyote vya kwangu. Zaidi ya hapo, hakuna kitu. Hakuna mafuta, hakuna mbegu ya nyanya, hata doa la chai hakuna. Lakini ukuta wote wa ndani una ukoko wa chokaa mnene kama ganda la yai.

"Sikiliza binti," akasema. "Maji yamepita humu mara elfu. Sahani haijapita hata moja kabla ya zako. Na chumvi haijawahi kutiwa. Sabuni yako imemaliza kile kifaa cha kulainisha maji, kweli, lakini umekiua kitu kilichokuwa kinakufa siku nyingi."

Nikamwambia haiwezekani. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilikuja hapa likizo, nikamwona Baba Mkubwa Ottmar amekaa mezani na gazeti, mashine inanguruma nyuma yake, anatabasamu kama mtu anayesikiliza bendi. Digel akanyanyua mabega. Anasema ukoko anaweza kuutoa kwa siki na uvumilivu, mipira ya mlango anayo, lakini kile kifaa hakitengenezwi tena kiwandani. Bila hicho ni bora itupwe.

Anatoka, Bi Schwenk yuko kwenye ngazi na ufagio, si zamu yake. Akasema, "Mashine ya Reinhilde? Mwacheni mama wa watu." Akaingia ndani.

Kuhusu sahani sikuulizi kitu. Ninachouliza ni kimoja tu, na kama unataka kunirudisha kwa mama baada ya kunijibu, sawa: itengenezwe au itupwe? Ulisema itupwe, lakini ulisema kabla hujajua kosa ni langu. Mlango umeshafunguliwa na mkono umeshaingia. Sema tena.

Almut


Juist, 30 Oktoba 1986

Almut mwanangu,

Barua yako ninayo siku ya tatu leo. Hii nimeianza mara nne. Mama wa Bremen anauliza kama naandika wosia.

Sabuni kwenye tundu la chumvi ni ujinga, lakini ni ujinga wa dakika moja. Wangu ni wa miaka tisa.

Januari 1974 Baba Mkubwa wako alitimiza hamsini. Walikuja wenzake wa kiwanda cha soksi, na wake zao, watu thelathini. Nilisimama mbele ya karai la vyombo tangu mchana. Mmoja akaniita, "Reinhilde, njoo ukae na mumeo." Nikatoka na mikono imepasuka, inavuja, nikasema mbele ya wote: "Mimi sikuolewa na mwanamume. Niliolewa na rundo la sahani." Wakacheka. Ottmar naye akacheka. Lakini masikio yake yalikuwa mekundu, kama yako yanavyokuwa.

Baada ya mwezi akaileta mashine kwenye kitoroli, mchana, mtaa mzima unatazama. Hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nayo. Nikasikia kwa mwoka mikate: Reinhilde kamdai mumewe mashine mbele ya watu, sahani mbili zinamshinda. Akaifunga mwenyewe Jumapili mbili. Akasema, "Basi sasa umeolewa na mimi."

Nilifungua ule mlango nikiwa na sahani mkononi, nikashindwa kuiweka. Kila nikiitazama nasikia sauti yangu. Siku ya kwanza nikasema nitaanza kesho. Lakini yeye aliketi na gazeti, anasubiri kuisikia. Kwa hiyo nikaiwasha tupu. Akatabasamu. Ukishafanya hivyo mara moja, mara ya pili unafanyaje? Nilipanga vyombo kwenye kikapu cha nguo, nikafunika na taulo, nikashuka chumba cha kufulia, nikaosha kule kwa mkono, mlango nimeufunga, huku juu mashine inaosha hewa. "Naenda kutazama nguo, Ottmar." Kila siku. Kitabu cha maelekezo nilikichoma, asije akakisoma akaniuliza habari za chumvi.

Sasa neno lililonishinda mara nne. Mwaka wa mwisho, alipokuwa halali tena ghorofani, kitanda chake kilikuwa kando ya jiko. Napita na kikapu. Akafumbua macho, akasema, "Reinhilde, nguo zako zinagongana."

Nikasema, "Ni vifungo."

Akasema, "Haya."

Alikufa baada ya wiki tatu. Alijua tangu lini sijui. Nilikuwa na wiki tatu za kumwambia, na nikashinda nikiiwasha.

Ndiyo maana nilisema itupe, ifunike. Niliwazia watu wakifungua ule mlango barabarani na kuona Ottmar alivyodanganywa.

Unauliza tena. Mwanangu, sijui. Wewe ndiye uliye na mikono pale. Sikurudishi popote.

Tufani imeanza, wanasema meli hazitatoka. Sijui hii itakufikia lini.

Reinhilde


Kaltenwang, 13 Novemba 1986

Shikamoo Mama Mkubwa,

Sijapata jibu lako. Redio inasema bahari imechafuka, meli zimefungwa, kwa hiyo najua si kwamba umenikasirikia, au najiambia hivyo. Naomba uwe mzima. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka.

Jana ilikuwa tarehe 12. Neno lako la mwisho mkononi lilikuwa "itupe", na nimechoka kuwa mtu asiyesikia. Wanabendi wawili wakaibeba alfajiri, blanketi la kahawia, kamba, kila kitu. Tukaiweka baina ya kochi la Bi Schwenk na godoro la mtu. Mtaa ukajaa watu wa kuokota, unawajua, wale wenye magari ya mizigo wanaopita mapema kabla ya manispaa. Mmoja mwenye kofia ya sufu akasimama. Akakata kamba yako kwa kisu. Akashika blanketi.

Nikatoka na soksi tupu. Nikakaa juu ya mashine.

"Dada, hiyo ni taka au si taka?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado haijaamuliwa. Nasubiri barua."

"Gari la manispaa linakuja saa nne."

"Basi tutalisubiri wote."

Akacheka. Akasema kama napenda sana mashine za aina hii kuna nyingine kama hiyo hiyo, rangi ile ile, nje kwa daktari wa meno, mtaa wa tatu, imevunjika mlango tu. Mama Mkubwa, nilisimama kama nimechomwa. Kile kifaa. Halafu nikakaa tena, maana nikiondoka ataichukua yangu.

Hapo Bi Schwenk akatoka. Aproni, ufagio, kila kitu. Akaniambia, "Shuka." Nikashuka. Akapanda yeye. Mwanamke wa miaka sabini, miguu inaning'inia, ufagio magotini, anamtazama yule wa kofia kama jani lililoanguka Jumamosi.

"Nenda," akasema. "Dirisha la chumba cha kufulia cha mama yako mkubwa liko uani kwangu. Miaka tisa nimemsikia akiosha vyombo na kulia. Nimesema kwa nani? Sijasema kwa mtu. Nenda upesi, kitako changu kinaganda."

Nilikimbia. Digel nilimpitia njiani, akaja na pikipiki na bisibisi, tukakitoa kile kifaa palepale kando ya barabara huku daktari wa meno anatutazama dirishani na mswaki mdomoni. Tuliporudi gari la manispaa lilikuwa limeshapita. Kochi halipo, godoro halipo. Bi Schwenk yupo. Anasema walimwambia ashuke, akawaambia wajaribu.

Kwa hiyo sikuitupa. Umenikataza kutengeneza na nimekaribia kutengeneza, umeniambia nitupe na sikutupa, na nimeiambia nusu ya mtaa kwamba kuna barua. Mashine iko jikoni mahali pake. Kifaa kiko mezani, nimekiosha kwa siki, hakijafungwa. Digel anangoja. Nami nangoja. Ile habari ya kulia sikuisikia, kama ndivyo unavyotaka.

Almut


Kaltenwang, 14 Novemba 1986

Mama Mkubwa,

Barua yako ya tarehe 30 imeletwa leo saa tano, imelowa kona. Ya kwangu ya jana imeshaondoka, zimepishana njiani.

Nimeisoma kwenye ngazi za chumba cha kufulia. Karai lako bado lipo pale, limegeuzwa. Kikapu kipo.

Mimi nafikiri hivi tu: aliposema "haya", hakukasirika. Mtu aliyekasirika asingesema habari ya nguo. Lakini mimi sikuwepo.

Niandikie hata neno moja.

Almut


Juist, 18 Novemba 1986

Almut mwanangu,

Meli zimeanza. Barua zako mbili zimekuja pamoja, nikasoma ya pili kwanza, kisha ya kwanza, kisha nikamsomea mama wa Bremen ile ya Bi Schwenk juu ya mashine. Alicheka mpaka muuguzi akaja. Mimi nilicheka kidogo, na mengine.

Kifua kimefunguka. Hapa wanasema ni hewa.

Naondoka Ijumaa ya wiki ijayo na maji ya asubuhi, nitakuwa nyumbani Jumamosi tarehe 29, gari moshi la saa tisa. Njoo na kitoroli cha Digel, mkoba ni mzito. Mwambie kile kifaa akifunge Ijumaa, na mipira, na atoe chokaa. Bi Schwenk mwalike chakula cha jioni. Usimwambie kwamba nimejua anajua. Nitamwambia mwenyewe.

Pika dengu na soseji, na zile tambi za jibini. Tumia sahani za kisherehe, zile thelathini, za siku ile. Ukimaliza kupika usioshe hata kijiko. Acha vyote viwe vichafu mezani.

Na usitie kitu chochote kwenye tundu lolote. Nunua mfuko wa chumvi tu, uuweke juu ya meza, mahali Ottmar alipokuwa akiweka gazeti.

Chumvi nitaitia mwenyewe.

Reinhilde